Sura ya Saba: Hewa Iliyomo Ndani ya Maneno

Kuanzia Julai 2020 hadi Februari 2021, wakazi wa Manyatta, mtaa wa Kisumu, waliishi chini ya maputo ambayo karibu wote hawakuyaona. Yalielea kilomita 20 hivi juu ya ardhi, juu kabisa ya njia za ndege za abiria zinazotua Kisumu. Kila puto lilikuwa la plastiki nyembamba, likijaa linakaribia upana wa uwanja wa tenisi, na chini yake lilibeba paneli za sola, betri na mitambo ya kupitishia intaneti ya 4G. Mradi uliitwa Loon. Mwenyewe alikuwa Alphabet, kampuni mama ya Google, na mshirika wake hapa nchini alikuwa Telkom Kenya. Huduma ilizinduliwa tarehe 7 Julai 2020 huko Radad, Baringo. Maputo yapatayo 35 yalipangiwa eneo la karibu kilomita 50,000 za mraba, yakiwemo maeneo ya Eldoret, Kakamega, Kericho, Kisii na Kisumu yenyewe.

Hayakurushwa kutoka Kenya. Yalirushwa kutoka Puerto Rico na jimbo la Nevada huko Marekani, yakavuka bahari kwa upepo, maana hayakuwa na injini. Angani kila tabaka lina upepo wake: huku juu unaelekea mashariki, chini kidogo unaelekea kusini. Programu ya kompyuta ililipandisha puto au kulishusha mpaka likutane na upepo unaokwenda kule linakotakiwa. Wanasiasa wetu wangeifundisha kozi hiyo bila kufungua kitabu.

Januari 2021 Alphabet ikatangaza kwamba mradi unafungwa. Gharama zilikataa kushuka kiasi cha kuifanya biashara ijisimamie, na tarehe 1 Machi mwaka huo huduma ikazimwa Kenya. Mhariri wa gazeti la Kiingereza aliyepewa habari hiyo alikuwa na ghala zima la maneno mkononi: puto limepasuka, limeishiwa hewa, limerudi ardhini. Hata jina lenyewe lilikuwa mzaha. "Loon" ni kipande cha "balloon", na pia ni neno la kumtaja mtu asiye na akili timamu. Wenye mradi walilichagua wakijua kwamba wazo lao litaonekana la kiwendawazimu.

Mtoto wa Manyatta hukutana na ghala hilo la maneno darasani, na hukutana nalo kwa namna mbaya. Huandikiwa misemo ubaoni, upande mmoja msemo na upande wa pili maana, akariri, ajibu mtihani, asahau. Nadhani hiyo ndiyo njia ndefu kuliko zote. Misemo ya puto haikutungwa na walimu wa lugha. Karibu kila mmoja una puto halisi nyuma yake, au puto ambalo mtu alilitamani, na ukilijua puto hilo huna haja ya kukariri.

Tuanze na neno "balloon" lenyewe. Kabla ya binadamu yeyote kuruka, neno hilo lilimaanisha mpira. Waingereza walilipata katika karne ya 16 kutokana na "pallone" ya Waitaliano, yaani mpira mkubwa, wakaliita hivyo tufe la ngozi lililojazwa hewa pamoja na mchezo wake. Kwa miaka 200 lilibaki uwanjani. Kisha ukaja mwaka 1783. Ndugu wawili wa familia ya Montgolfier, watengenezaji wa karatasi katika mji wa Annonay, Ufaransa, walionyesha hadharani tarehe 4 Juni kwamba mfuko mkubwa ukikingwa juu ya moto hupaa. Mwezi wa Septemba wakawapandisha kondoo, bata na jogoo mbele ya mfalme huko Versailles, na wanyama wakarudi hai. Tarehe 21 Novemba watu wawili, Pilâtre de Rozier na mwenzake d'Arlandes, walipita juu ya Paris bila kamba. Katikati ya mambo hayo, mwezi wa Agosti, mwanafizikia Jacques Charles alirusha puto la haidrojeni lisilo na mtu. Lilianguka katika kijiji cha Gonesse, na wanakijiji, wakidhani ni dubwana, walilishambulia kwa uma za kuzolea nyasi. Miezi hiyo michache ililihamisha neno kutoka uwanjani hadi angani, na huko juu likazaa.

Kiswahili kilipita njia nyingine kabisa. Sisi tulianzia kwenye mada yenyewe: mpira ni ule utomvu unaogandishwa ukawa kitu cha kuvutika. Kutoka hapo neno likawa tufe, kisha mchezo mzima wa kandanda, kisha bomba la kumwagilia maji bustani, na pia kondomu. Mwingereza alikiita kitu kinachoruka kwa jina la tufe. Mswahili aliliita tufe kwa jina la kitu lililotengenezwa nacho.

Na Manyatta maana hizo zimewahi kukutana katika kitu kimoja, katika viwanja vya vumbi kuelekea Kondele. Vijana walitafuta kondomu za bure za zahanati, wakazipuliza, wakazizungushia majuala na matambara, wakazifunga kwa kamba. Ule ukawa mpira wa kweli, unaodunda, kinyume na ule wa majuala matupu ambao ukipigwa chini unabaki palepale. Majuala yenyewe yalipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na wachezaji wadogo wakarudi kwenye matambara na magunia. Wazee wa kanisa hawakuwahi kuupenda mpira huo wenye kondomu ndani. Kifundi ulikuwa sahihi: ndani kibofu chenye hewa, nje ganda gumu, na ndivyo mipira ya dukani inavyotengenezwa.

Puto la mpira, hili la kupuliza kwa mdomo ambalo watoto wetu huliita baluni, halikuanza kama kitu cha kuchezea. Michael Faraday alilitengeneza mwaka 1824 katika maabara yake London ili ahifadhi gesi za majaribio. Alibandika vipande viwili vya mpira kingo kwa kingo, akapaka unga ndani ili visishikane. Mwaka uliofuata yakaanza kuuzwa kwa umma. Leo wachuuzi huyatembeza soko la Kibuye na mjini siku za sherehe, na hakuna anayemkumbuka Faraday.

Niliitaja kondomu, basi niseme na hili, kwa kuwa ndilo puto la maana kuliko yote yatakayotajwa katika sura hii. Mama akijifungua na damu ikakataa kukatika, dakika ni chache. Daktari Sayeba Akhter wa Bangladesh, miaka ya mwanzo ya 2000, alionyesha kwamba kondomu ikifungwa kwenye mpira wa mkojo, ikaingizwa kwenye mji wa mimba na kujazwa maji ya dripu, hufura na kuugandamiza ukuta wa ndani mpaka damu inasimama. Vifaa vya bei ya juu vya kazi hiyohiyo vilikuwepo hospitali za matajiri. Yeye alitumia kilichokuwepo wodini. Kenya ni miongoni mwa nchi ambazo wakunga na wauguzi wamefunzwa njia hiyo kwa kifurushi maalumu kilichoandaliwa. Kiingereza cha hospitali kinaliita jambo hilo puto bila mzaha wowote. Hapo neno limerudi kazini, halina fumbo.

Sasa tuingie kwenye mafumbo. Gazeti la Kiingereza likisema kwamba waziri amerusha "trial balloon", maana yake ametoa fununu ya jambo ili aone watu watalipokea vipi kabla hajalitangaza rasmi. Wakipiga kelele, anaikana fununu. Wakinyamaza, anaitia saini. Puto lililo nyuma yake ni dogo na la kweli. Warushaji wa mwanzo huko Ufaransa walikuwa wakiachia kiputo kidogo kwanza, wakakitazama kinapelekwa wapi na upepo, ndipo wakaliachia kubwa lenye watu. Kwa hesabu hiyo Loon yenyewe ilikuwa puto la majaribio kwa maana zote mbili. Mwaka 2013 lilijaribiwa New Zealand, likaja kwetu kwa biashara, upepo wa fedha ukaonekana, wenyewe wakaondoka.

Msemo mwingine ni wa vita. Mwingereza akisema puto limepanda, anamaanisha kazi imeanza, mambo yameshachacha. Wafaransa waliwahi kumpandisha askari puto lililofungwa kamba awachungulie maadui katika vita vya Fleurus, mwaka 1794. Katika Vita Vikuu vya Kwanza kazi hiyo ikawa ya kila siku: puto la kuchungulia likiinuka nyuma ya mahandaki, kila askari alijua mizinga itafuata, kwa kuwa mtu aliye juu ndiye anayewaelekeza wapigaji. Kwa askari yule haukuwa msemo. Alitazama juu, akaingia shimoni.

Vita hivyo vilikaribia kutuletea chombo cha hewa hapa kwetu, na kisa chake kinastahili nafasi kubwa kuliko niliyokipa cha Fleurus. Novemba 1917 jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki, chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, lilikuwa limebanwa kusini mwa Tanzania ya leo, bila dawa wala risasi za kutosha. Berlin ikaamua kulipelekea msaada kwa njia ambayo hakuna aliyekuwa ameijaribu. Meli ya angani aina ya Zeppelin, iliyoitwa L 59, yenye mifuko mikubwa ya haidrojeni, iliondoka Jamboli, Bulgaria, tarehe 21 Novemba ikiwa na tani 15 hivi za mizigo. Haikupangiwa kurudi. Ingetua, ingefumuliwa, na kitambaa chake kingeshonwa mahema na nguo, vipande vya ndani vikawa bendeji. Ilivuka bahari ya Mediterania na jangwa la Misri. Tarehe 23, ikiwa ndani ya Sudan, magharibi ya Khartoum, ikapata amri kwa redio: rudi, hakuna tena mahali salama pa kutua. Ilitua tena Bulgaria baada ya saa 95 hewani na safari ya zaidi ya kilomita 6,700. Hakuna hata bendeji moja iliyomfikia askari wa Lettow-Vorbeck.

Wamarekani na Waingereza wana msemo wa jambo lililoshindwa namna hiyo: eti limepokelewa kama puto la risasi, ile metali nzito. Hapa mfasiri asiye makini huanguka, kwa kuwa risasi kwetu ni metali na pia ni ile ya bunduki, na msomaji wa Kisumu atadhani kuna mtu aliyefyatua. Mzaha wa Kiingereza ni mwepesi zaidi: puto zito haliendi popote. Bendi ya Led Zeppelin ilijiita hivyo mwaka 1968 kutokana na utani huo huo, kwamba kundi lao litaanguka kwa kishindo. Halikuanguka.

Je, Mswahili husema nini mpango ukishindwa? Husema umegonga mwamba. Mambo yakiharibika polepole, yamekwenda mrama, na mrama ni ule mwendo wa chombo kinachoyumba baharini. Atakayetulia mahali ametia nanga. Anayebadilisha msimamo kila wiki ni bendera, nayo hufuata upepo. Waliokitengeneza Kiswahili waliishi na majahazi, kaskazi na kusi. Hawakuwa na sababu ya kupeleka mawazo yao angani wakati mwamba upo pale chini ya maji. Kiingereza nacho kina misemo ya baharini tele, ila mwaka 1783 kilipata kitu kipya cha kutazama na kikakitumia. Wala hili si la pwani peke yake. Mvuvi wa Dunga, kwenye Ziwa Victoria, akisikia mpango umegonga mwamba haulizi maana, maana chini ya ziwa lake pia kuna mawe, na nyavu zake zinayajua. Mwambie kwamba puto limepanda, atakuuliza puto gani.

Ajabu ni kwamba ziwa hili lilivukwa kwa puto kitabuni kabla Ulaya haijalijua vizuri. Januari 1863 Jules Verne alichapisha riwaya yake ya kwanza ya safari, kuhusu Mwingereza Samuel Fergusson anayeondoka Zanzibar ndani ya puto liitwalo Victoria, akiwa na rafiki na mtumishi, akaivuka Afrika hadi Senegal kwa wiki tano. Wanapita juu ya ziwa ambalo Verne analiita Ukerewe na kukiona chanzo cha Nile. John Hanning Speke alikuwa ameliona ziwa upande wa Mwanza mwaka 1858, na mwaka 1862 akafika mahali Nile inapotokea, lakini kitabu kilitoka kabla habari hiyo haijafika London. Verne hakuwahi kukanyaga huku, na inaonekana. Wenyeji wake wa Kazeh, yaani Tabora ya leo, hulidhania puto kuwa mwezi, hadi mwezi wenyewe unapochomoza. Katika hadithi nyingi za namna hiyo Mwafrika yuko chini, mdomo wazi, na puto liko juu lina akili. Wanakijiji wa Gonesse walikuwa Wafaransa, na tumeshaona walichofanya na uma zao.

Maputo ya watalii yalianza kuruka Maasai Mara mwaka 1976, kazi ya Alan Root, mpigapicha wa filamu za wanyama ambaye miaka miwili kabla alikuwa amepita juu ya Kilimanjaro kwa puto. Kutoka Manyatta hadi Mara ni safari ya nusu siku kwa gari. Tiketi ya saa moja huzidi dola 400. Sihitaji kueleza kwa nini watoto wetu wengi wanalijua puto la namna hiyo kwa picha tu.

Hewa, kwa upande mwingine, haina tiketi, na kwenye hewa Kiswahili hakikopi kwa mtu. Kiingereza kinasema "hot air" kwa maneno matupu ya mtu anayejigamba au kuahidi asichoweza. Hewa moto ndiyo inayoinua puto, na ikipoa puto linashuka, basi msemo unajieleza. Sisi tunayo ahadi hewa, tunayo miradi hewa, na tunao wafanyakazi hewa, watu walio kwenye orodha ya mishahara lakini hawapo duniani, au walikuwepo wakafa. Mwaka 2016 serikali ya John Magufuli ilipoisafisha orodha yake Tanzania, majina hayo yalizidi 10,000 katika miezi michache. Kenya nayo hufanya ukaguzi wa aina hiyo mara kwa mara, katika serikali kuu na za kaunti. Tazama tofauti. Hewa ya Kiingereza inatoka mdomoni, na ubaya wake ni kelele. Hewa ya Kiswahili ina nambari ya mshahara na akaunti ya benki.

Kuna na hewa ya tatu, ile ya bei. "Inflation" ni kupulizia, na Kilatini chake kinasema hivyo hivyo. Wamarekani walianza kulitumia kwa fedha katika karne ya 19, fedha za karatasi zilipochapishwa kupita kiasi. Picha yao ni ya kitu kinachopulizwa kikawa kikubwa bila kuongezeka uzito. Sisi tunasema mfumuko wa bei, na wengi hudhani ni tafsiri ya picha hiyo hiyo. Siyo. Kufumuka ni mshono kuachia, nyuzi zilizoshikana zikatawanyika. Fundi cherehani wa Kona Mbaya ataelewa upesi kuliko mchumi: nguo ilikuwa imeshika, sasa haishiki. Oktoba 2022 Shirika la Taifa la Takwimu lilitangaza kwamba mfumuko wa bei Kenya umefika asilimia 9.6, wakati Benki Kuu hulenga asilimia 5, ikiruhusu pengo la 2.5 juu au chini. Mama aliyeingia Kibuye mwezi huo na noti ya 200 hakuona kitu kilichopulizwa. Aliona pesa yake inamwachia mkononi. Katika hili naamini Kiswahili kimeona vizuri zaidi.

Kinyume chake, Mwingereza aliyevunjika moyo husema yuko "deflated", hewa imemtoka. Kiswahili kina neno lililotulia kabisa kwa hali hiyo: amenywea. Hutumika kwa kitu kilichopungua na kujikunja, na kwa mtu aliyeingia mkutanoni akitamba akatoka amejikunyata. Mwenye kutamba alikuwa amevimba kichwa, na vijana wa mtaani watamwuliza anavimba nini. Aliyempa kichwa hicho kwa sifa za uongo alimvisha kilemba cha ukoka. Mtafsiri wa magazeti asihangaike, yote yapo.

Kufura nako kuna mfano wake ziwani. Samaki kama mbuta ana mfuko wa hewa tumboni unaomwezesha kuelea kwenye kina anachokitaka bila kupiga mapezi muda wote. Maputo ya Loon yalifanya kazi hiyo hiyo angani. Mifuko hiyo ya samaki watu wa Mwanza huiita mabondo, na tusichanganye na mji wa Bondo kule Siaya. Samaki akivutwa haraka kutoka chini, mgandamizo wa maji unapungua na hewa iliyo ndani hufura, sheria aliyoieleza Robert Boyle mwaka 1662. Puto la wataalamu wa hali ya hewa, kama yale yanayorushwa kutoka Dagoretti, Nairobi, hupata jambo hilo hilo: huondoka likiwa na gesi kidogo kwa makusudi, hufura kadiri linavyopanda, na mwishowe hupasuka huko juu baada ya kutuma vipimo vya joto, unyevu na upepo. Mabondo hayapasuliwi ovyo. Hukaushwa na kuuzwa China na Hong Kong kama chakula cha heshima, na kilo yake iliyokauka huzidi kwa mbali bei ya kilo ya minofu. Miaka ya nyuma yalikuwa takataka ya viwanda vya samaki. Mfuko wa hewa umekuwa sehemu ya thamani kuliko zote za samaki aliyeletwa ziwani katikati ya karne ya 20, na wachimbaji wa maana za maneno tunapaswa kumwonea wivu aliyeligundua soko hilo.

Waandishi wa Kiingereza hulitumia puto kama kitenzi pia: deni "limepuliza", gharama "zimefanya puto". Wa Kiswahili huandika kwamba deni limefura au limepaa, na hapo hatujapoteza kitu. Lakini kuna matumizi mamoja ya neno hilo ambayo mkazi wa Manyatta hana anasa ya kuyapuuza, kwa kuwa hukutana nayo akiwa ameshika kalamu ya kutia sahihi.

Mikataba ya mikopo ya magari na mashine huweza kuwa na kipengele cha "balloon payment". Kwa sauti ni neno la sherehe. Maana yake ni kwamba sehemu ya deni huachwa hadi siku ya mwisho, ili malipo ya kila mwezi yaonekane mepesi. Tuseme umekopa shilingi 1,000,000 ununue matatu ya mitumba kwa miaka 3, na mkataba ukaiacha asilimia 30 mwishoni. Utalipa kila mwezi kiasi kidogo kuliko jirani aliyekopa kwa njia ya kawaida, na utamcheka. Mwezi wa 36 utadaiwa 300,000 kwa mkupuo, na kwa miaka yote mitatu riba ilikuwa ikihesabiwa juu ya hizo 300,000 ambazo hujazigusa. Gari wakati huo limechakaa. Usipokuwa nazo, huchukua mkopo mwingine kulipa mwisho wa huu, au gari hurudi kwa mkopeshaji. Mpango wenyewe si wizi. Mfanyabiashara anayejua fedha zake zitaingia mwaka wa tatu anaweza kuutumia vizuri. Huumiza yule aliyeupokea kama punguzo.

Neno hilo halina puto la kihistoria nyuma yake, wala mji, wala tarehe. Ni umbo tu: malipo membamba, membamba, kisha tufe kubwa mwishoni. Ukilikuta kwenye karatasi ya mkopo, usitie sahihi kwanza. Mwambie afisa akuandikie kwa tarakimu malipo ya mwezi wa mwisho, na jumla ya shilingi zote utakazokuwa umelipa siku hiyo, kisha nenda nazo nyumbani ukazisome na mtu mwingine.